Lugha ya Heshima Kando ya Kitanda: Uuguzi na Utamaduni wa Wagonjwa Kitui na Makueni

Utangulizi

Kazi ya uuguzi hutambulishwa zaidi kwa vifaa vyake: sindano, bendeji, kipimajoto, na chati inayoning'inia kwenye kitanda. Hata hivyo, kabla ya chochote kati ya hivyo kutumika, muuguzi huuliza na mgonjwa hujibu. Makala haya yanachunguza maulizo na majibu hayo katika kaunti za Kitui na Makueni, Kenya. Hoja inayotetewa ni kwamba huduma inayozingatia utamaduni wa mgonjwa haianzii kwenye mila kubwa kubwa zinazoandikwa vitabuni. Huanzia kwenye uteuzi wa maneno: ni nani anayeulizwa, kwa lugha ipi, na kupitia kwa nani. Muuguzi akikosea hapo, ujuzi wake wa sindano hautamsaidia sana.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 na Makueni watu 987,653. Wengi wao ni Wakamba, lakini si vyema kudhani kwamba mgonjwa yeyote anayeingia zahanati ya huko ni Mkamba. Kaskazini mwa Kitui wapo Watharaka. Upande wa mashariki hupita wafugaji Wasomali na Waorma. Emali ni soko la Wamaasai na Wakamba pamoja. Makindu na Mtito Andei zimekaa juu ya barabara kuu ya Mombasa, na hospitali zilizo kando ya barabara hiyo hupokea dereva wa lori kutoka Uganda au Kongo sawa na zinavyompokea mkulima wa jirani. Aidha, Kikamba chenyewe kina lahaja. Msemaji wa Kitui na yule wa Makueni hutambuana mara tu wanapofungua midomo.

Nadharia mbili

Aliyeifanya mada hii kuwa taaluma ni Madeleine Leininger (1925–2012), muuguzi na mwanaanthropolojia wa Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1991, Leininger anaeleza njia tatu ambazo muuguzi anaweza kufuata anapokutana na desturi ya mgonjwa: kuihifadhi desturi hiyo, kuafikiana nayo, au kumsaidia mgonjwa aibadilishe inapomdhuru. Mgawanyo huu una manufaa, na utatumika hapa. Kasoro yake ni kwamba wanafunzi wengi huugeuza kuwa orodha: Wakamba hufanya hivi, Wamaasai hufanya vile. Mgonjwa halisi haji wodini akiwa amebeba kabila zima mgongoni. Huja na maumivu yake, umri wake, dini yake, na jamaa aliyemsindikiza.

Kwa sababu hiyo nadharia ya Leininger inahitaji kuegemezwa kwenye nadharia ya lugha. Ile ya Brown na Levinson kuhusu upole katika mazungumzo inafaa. Wataalamu hao wanashikilia kwamba kila mzungumzaji ana uso anaotaka uheshimiwe, na kwamba kuuliza, kuamuru na kukosoa ni vitendo vinavyoutisha uso huo. Wodini vitendo hivyo ndivyo kazi yenyewe: vua, lala, geuka, umekula nini, ulienda haja lini.

Safari ya neno kutoka kitandani hadi kwenye faili

Maelezo ya mgonjwa mzee wa Kitui aghalabu hupitia lugha tatu. Husemwa kwa Kikamba, hufasiriwa kwa Kiswahili, kisha huandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa Kiingereza ndicho lugha ya mafunzo ya uuguzi na ya kumbukumbu za hospitali. Katika kila kituo kitu hudondoka. Neno la Kikamba ngoo, kwa mfano, ni moyo, na kama ilivyo kwa moyo wa Kiswahili, hubeba kiungo cha mwili na hisia pamoja. Mama anayesema kwamba ngoo inamuuma huenda anazungumzia kifua, huenda anazungumzia huzuni ya kufiwa. Anayeandika "maumivu ya moyo" kwa Kiingereza amekwisha kumchagulia mojawapo.

Ukaribu wa Kikamba na Kiswahili nao ni mtego, kwani zote ni lugha za Kibantu na maneno mengi hufanana kwa sura tu. Vaa katika Kikamba ni "hapa". Mzee anayeambiwa avae nguo baada ya kupimwa anaweza kubaki amekaa, akingoja kuelezwa ni nini kilichoko hapa. Neno kĩveti, ambalo ni mwanamke aliyeolewa, halina dharau yoyote kwa Mkamba. Lakini sikio la Mswahili husikia kiambishi ki- cha kudunisha. Muuguzi kutoka Mombasa anaweza kudhani kwamba mume anamtukana mkewe mbele yake.

Tafsida za Kiswahili sanifu ni tatizo jingine. Mswahili wa pwani akisikia "umejisaidia leo?" huelewa bila kufikiri. Mzee wa Mutomo aliyejifunza Kiswahili chake kazini au sokoni anaweza kusikia swali kuhusu kujitegemea, akajibu kwa fahari kwamba ndiyo, amejisaidia miaka yote. "Umefunga choo?" nalo ni swali ambalo mtu mwenye choo cha nje anaweza kulijibu kwa uaminifu kamili, na jibu lisiwe na uhusiano wowote na tumbo lake.

Lililo hatari zaidi ni swali la kukanusha. Muuguzi huuliza: "Hujanywa dawa nyingine nyumbani?" Mgonjwa hujibu: "Ndiyo." Katika Kiswahili jibu hilo linakubaliana na kauli: ndiyo, sijanywa. Muuguzi aliyezoea kufikiri kwa Kiingereza huandika kwamba amekunywa. Kosa hili halitokani na ujinga wa mgonjwa. Sarufi yake iko sawa. Inafaa pia kuangalia uteuzi wa neno "dawa za kienyeji". Mgonjwa huujua uzito wa neno hilo, na hujua kwamba likitajwa hospitalini mara nyingi hufuatwa na karipio. Hapo hukana. Swali lililo wazi zaidi, "Kabla ya kuja hapa, ulipewa nini nyumbani?", halimhukumu mtu. Charles Good, mwanajiografia aliyechunguza tiba za jadi katika Kilungu, ambayo leo iko Makueni, na katika mtaa wa Mathare jijini Nairobi, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1987 kwamba wagonjwa hutumia tiba ya hospitali na ya mũndũ mũe, yaani mganga, bila kuona mgongano. Kwao hizo ni milango miwili ya nyumba moja.

Sheria haikunyamaza. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 kinataka mgonjwa aelezwe hali yake na matibabu yake kwa lugha anayoielewa, na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Sheria inaweka wajibu, lakini mfasiri haweki. Zamu ya usiku yenye muuguzi mmoja humtafuta mfasiri miongoni mwa waliopo: mfagiaji, mgonjwa wa kitanda cha pili, au jamaa.

Nthoni na mfasiri asiyefaa

Hapa ndipo mila hujitokeza waziwazi. Gerhard Lindblom, msomi wa Uswidi aliyeandika kuhusu Wakamba katika kitabu chake cha mwaka 1920, alieleza kwa urefu desturi ya nthoni, yaani haya na heshima inayowatenganisha mwanamume na mama mkwe wake. Walikuwa wakikwepana hata njiani. Shule, kanisa na maisha ya mjini vimeilegeza desturi hiyo, na vijana wengi leo hula meza moja na wakwe zao. Hata hivyo, kulegea si kufutika.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa haumo mbali na yanayowezekana. Mama wa miaka sitini na mitano ana damu isiyo ya kawaida. Ameletwa kwa pikipiki na mume wa binti yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa nyumbani. Muuguzi hajui Kikamba, mama hajui Kiswahili cha kutosha, na mkwe anajua vyote viwili. Muuguzi anamwambia kijana: "Muulize damu ilianza lini, na kama inatoka anapokutana na mumewe." Kijana anatazama chini. Anauliza jambo fulani kwa sauti ndogo, mama anajibu kwa neno moja, na jibu linalomfikia muuguzi ni kwamba mama ana tumbo. Faili inaandikwa "maumivu ya tumbo". Damu ya namna hiyo kwa mwanamke aliyekoma hedhi ni miongoni mwa dalili za saratani ya shingo ya kizazi, na katika ugonjwa huo miezi michache ya kuchelewa si kitu kidogo.

Kijana hakudanganya kwa nia mbaya. Alilinda nyuso mbili kwa pamoja, yake na ya mama mkwe. Dawa ya tatizo hili haihitaji bajeti. Muuguzi angeuliza kwanza: "Huyu ni nani kwako?" Akisikia neno "mkwe", angemshukuru kijana, amwombe angoje nje, kisha amtafute mhudumu mwanamke anayejua Kikamba, aliyefungwa na kiapo cha siri cha kazi. Mgonjwa wa kitanda cha pili hafai: anatoka kijiji kile kile.

Majina ya kuitana yana nafasi yake pia. Neno "shosho" limeenea nchini Kenya kama jina la upendo kwa bibi kizee, lakini asili yake ni Kikuyu. Mkamba humwita bibi yake sũsũ. Mama wa makamo huitwa mwaitũ, "mama yangu", au huitwa kwa jina la mtoto wake: nyinya wa Mutua. Karani anayepaaza sauti kwenye foleni akisoma majina matatu ya kitambulisho hatendi kosa la kisheria, ila anamvua mama huyo cheo alichokipata kwa kuzaa.

Mtoto na jina lake

John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, anaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba kwa Wakamba mtoto hupewa jina siku ya tatu, na kabla ya hapo huhesabiwa kuwa bado ni wa mizimu. Tangu huduma za uzazi zilipofanywa za bure katika hospitali za umma mwezi Juni 2013, akina mama wengi zaidi wamejifungulia hospitalini, na fomu humtaka mtoto jina mapema. Mama anayesita si lazima awe amepuuza mtoto. Huenda anamngoja mama wa mume, au siku. Kuacha nafasi hiyo wazi kwa siku mbili tatu hakuumizi mtu. Hii ndiyo njia ya kwanza ya Leininger, na ndiyo rahisi kuliko zote.

Mahindi ya mwaka 2004

Njia ya pili na ya tatu ni ngumu zaidi, na mfano wake mkubwa uko papa hapa. Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa sumu ya aflatoksini, wengi wao wakiwa wa wilaya za Makueni na Kitui za wakati huo. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakajaa maji. Sumu hiyo hutokana na kuvu inayoota kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Haikuwa mara ya kwanza: mwaka 1981 watu walikufa kwa sumu hiyo hiyo katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo iliijumuisha Makueni.

Uchunguzi ulionyesha kwamba waliohifadhi mahindi ndani ya nyumba walikuwa hatarini zaidi kuliko waliotumia ghala la nje. Ni rahisi kusema kwamba watu waliacha desturi njema ya ghala, ĩkũmbĩ, wakaadhibiwa. Lakini mwenye njaa huvuna mapema na hulala na gunia lake asiibiwe. Kumwambia mtu kama huyo "tupa mahindi" bila kumpa mengine ni kumwomba achague kifo cha aina gani. Serikali ilipogawa nafaka mbadala, ushauri wa wauguzi ulipata miguu ya kusimamia.

Watafiti wamegundua pia kwamba kukoboa mahindi kwa ajili ya mũthokoi, chakula cha Wakamba cha tangu zamani, hupunguza kiasi cha aflatoksini, ingawa hakuiondoi yote. Muuguzi anayelijua hilo huanza mazungumzo kwa kusifu jambo ambalo mama tayari analifanya, kisha ndipo huingilia suala la kuanika na kuhifadhi. Anayeanza kwa kukataza husikilizwa kwa heshima, huitikiwa "ndiyo", na hapo mambo huishia.

Maneno yanapoeleweka yote

Isidhaniwe kwamba kila ugomvi wa wodini ni wa tafsiri. Katika Tharaka na sehemu za Mwingi wapo waumini wa dhehebu la Kavonokya, ambao hukataa dawa za hospitali na chanjo. Muuguzi anaweza kuzungumza nao kwa lugha yao, kwa upole wote, na kila neno likaeleweka, na jibu likabaki "hapana". Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kujikatalia tiba. Mtoto wake hana uwezo wa kukubali wala kukataa, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamhakikishia mtoto haki ya afya. Leininger anatoa njia ya tatu, ya kumsaidia mtu abadili desturi inayodhuru, lakini hasemi ni kwa muda gani, na mtoto mwenye surua hana muda. Hapo muuguzi hulazimika kumwita afisa wa watoto, akijua kwamba mama huyo huenda asikanyage kliniki tena na kwamba wadogo wa mtoto huyo watazaliwa nyumbani. Anayeweza kuufuata mlango huo baadaye ni mhudumu wa afya ya jamii anayeishi kijiji kile kile, anayeitwa kwa jina la mtoto wake, na ambaye kwa ziara mbili tatu za kwanza hataji chanjo kabisa.