Stika Imetoka, Gundi Imegoma: Vidokezo 12 vya Kuiondoa

Umenunua glasi sita mpya, na kila moja imebandikwa stika ya bei katikati kabisa, mahali ambapo mgeni ataiona kwanza. Umevuta, karatasi imechanika nusu, na sasa pamebaki utando unaonata na kukusanya vumbi hadi uwe mweusi. Au mayonezi yameisha, chupa inafaa sana kuwekea iliki na mdalasini, lakini lebo haitaki kutoka. Pole. Karibu kila unachohitaji kipo jikoni kwako. Shika jambo moja tu: anza na njia iliyo laini kuliko zote, kisha panda taratibu. Na kabla ya kuitazama gundi, kitazame chombo chenyewe, kwa sababu kinachosafisha kioo kinaweza kuiharibu plastiki.

1. Ijue gundi kabla ya kuishambulia

Lebo za karatasi kwenye chupa nyingi za bia na mvinyo hubandikwa kwa gundi ya majimaji, ya wanga au ya protini ya maziwa. Gundi hiyo hukauka, na ikikutana tena na maji hulainika na kuachia. Stika za kubandua na kubandika ni habari nyingine. Mmarekani R. Stanton Avery alianza kuzitengeneza kwa mashine mwaka 1935, na siri yake ni kwamba gundi ya stika haikauki. Hubaki laini ikisubiri kukandamizwa tu, ndiyo maana maji peke yake hayaiwezi. Lowesha kona ya lebo kwa dakika kumi. Ikiteleza, una kazi ya maji. Ikizidi kung'ang'ania, shuka hadi kidokezo cha nne.

2. Tanguliza joto, kucha zipumzike

Joto huilegeza gundi ya stika. Elekeza draya ya nywele kwenye stika kwa nusu dakika hivi, inua kona moja, kisha vuta polepole huku stika ikilala karibu na chombo badala ya kuinuliwa juu. Ukivuta kwa pupa, karatasi inabaki na gundi na mwisho wa stika unabaki mkononi mwako. Huna draya? Jaza maji ya moto ndani ya chupa, gundi ilegee kutokea ndani. Angalizo: usimimine maji yanayochemka kwenye kioo cha baridi, kitapasuka. Anza na maji ya uvuguvugu. Ndoo ya plastiki nayo iweke kwenye jua la saa saba mchana. Jua litafanya kazi ya draya bila bili ya umeme.

3. Loweka, lakini ifungulie maji njia

Lebo nyingi zina ngozi nyembamba ya plastiki juu ya karatasi. Ukiloweka hivyo hivyo, maji hayaingii, na baada ya saa nzima utaikuta lebo kama ulivyoiacha. Kwanza ichubue ngozi hiyo, au ikwaruze lebo kwa uma mara kadhaa. Kisha tumbukiza chombo kwenye beseni la maji ya moto yenye sabuni ya maji na ukiache nusu saa. Karatasi italowana na kutoka kwa dodoki. Kikibaki kitu kinachonata, hicho sasa ni gundi tupu, na gundi tupu ndiyo rahisi zaidi kuishughulikia.

4. Mafuta ya kula ndiyo dawa ya kwanza

Gundi ya stika hailegezwi na maji, lakini mafuta huipenya na kuinyima nguvu ya kushika. Alizeti, nazi, mawese, hata mafuta ya mtoto ya kujipaka: yote yanafaa. Paka, subiri dakika 15 hadi 30, kisha sugua kwa kidole au kwa kitambaa kikavu. Utaiona gundi ikijiviringisha na kutoka kwa vipande vidogo. Sehemu sugu isukume kwa kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Malizia kwa sabuni ya maji na maji ya moto, la sivyo utakuwa umebadilisha utando wa kunata kwa utando wa kuteleza. Siagi ya karanga nayo inafanya kazi hiyo, kwa mafuta yale yale yaliyomo, ila ni ghali kuipaka kwenye chupa tupu.

5. Uji wa mafuta na soda ya kuokea

Gundi ya zamani, iliyokaa kwenye chupa hadi ikageuka rangi ya chai, huhitaji kusaidiwa. Changanya kijiko kimoja cha mafuta na kijiko kimoja cha bikaboneti, ile soda ya kuokea keki. Paka uji huo, acha nusu saa, sugua kwa mduara kwa dodoki. Mafuta yanalainisha, chembe za soda zinakwangua. Kwa chupa za kioo na vyombo vya udongo vilivyong'arishwa hii ndiyo njia bora kuliko zote. Usiitumie kwenye plastiki inayong'aa, kwenye skrini wala kwenye kikaango kisichogandisha chakula, maana chembe hizo huacha mikwaruzo.

6. Spiriti kwa vile visivyotaka mafuta

Kompyuta mpakato, rimoti, soli za viatu, fremu za chuma, chupa unayotaka kuipaka rangi: hivi usivipake mafuta. Lowesha pamba kwa spiriti, kandamiza juu ya gundi kwa dakika moja au mbili, kisha futa. Kitakasa mikono chenye alkoholi nacho hufaa, na kwa kuwa ni kizito hakichuruziki kutoka kwenye ukuta wa chombo. Wanaotengeneza mapambo wazingatie hili zaidi. Hata kama umetoa gundi kwa mafuta, futa mara ya mwisho kwa spiriti kabla ya kupaka rangi au kubandika ushanga na kitenge. Rangi haishiki juu ya mafuta, hata yale usiyoyaona kwa macho. Jaribu kwanza pembeni, maana spiriti inaweza kufuta maandishi na baadhi ya rangi.

7. Asetoni ni ya mwisho, na si ya kila kitu

Dawa ya kutolea rangi ya kucha, ile yenye asetoni, hula gundi kwa haraka. Hula na plastiki. Ukiigusisha kwenye fremu ya miwani, kava ya simu, kibao cha akriliki au boksi la plastiki ngumu, uso wake utafifia, utalainika au utayeyuka kabisa, na hakuna wa kuurudisha. Ibakishe kwa kioo, vigae na chuma kisichopakwa rangi. Fungua dirisha, tumia kiasi kidogo kwenye pamba, na uwe mbali na jiko. Kama huna hakika chombo kimetengenezwa kwa nini, rudi kwenye mafuta.

8. Nguo za mtumba: baridi kwanza, pasi baadaye

Anayenunua Gikomba au Kariakoo anaijua stika ile ya saizi iliyobandikwa kifuani. Itoe kabla ya kufua na kabla ya kupiga pasi, kwa sababu joto la pasi huisukuma gundi ndani ya nyuzi. Weka nguo kwenye friza kwa saa moja, au kandamiza barafu iliyofungwa kwenye mfuko. Gundi ikiganda hupoteza mnato, ikwangue kwa mgongo wa kisu. Chingamu kwenye suruali ya shule hutoka kwa njia hiyo hiyo. Mabaki yafute kwa spiriti, ukianzia kwenye pindo la ndani kuona kama rangi inachuja. Ukitumia mafuta, paka sabuni ya kuoshea vyombo juu ya doa kabla ya kufua. Asetoni isiguse kitambaa chenye nyuzi za asetati, kinachopatikana sana kwenye bitana za makoti. Itakitoboa.

9. Mbao na vikapu: usimwage chochote

Mbao isiyopakwa vanishi hunywa mafuta na kubaki na doa. Iliyopakwa nayo ina hatari yake, kwa sababu polishi ya sheleki, iliyotumika sana kwenye samani za zamani, huyeyuka kwa spiriti. Kwa kabati la mninga au kasha la urithi, tumia draya kwa joto la chini na ukingo wa kadi ya plastiki, ukifuata mkondo wa nyuzi za mbao. Kikapu cha ukili kisilowekwe. Chukua selotepu, ibandike juu ya mabaki, ing'oe kwa ghafla, rudia. Gundi mpya huiondoa ya zamani kidogo kidogo, na ukili unabaki mkavu.

10. Vitabu na makaratasi

Stika ya bei kwenye jalada linaloteleza hutoka kwa draya ya joto dogo na subira. Mabaki yasugue kwa raba safi ya penseli, kutoka katikati kwenda pembeni. Kwenye karatasi isiyo na mng'ao, usijaribu maji wala mafuta. Nyunyiza poda ya mtoto au unga laini wa mahindi juu ya mabaki, futa kwa brashi laini. Gundi haitakuwa imetoka, ila haitanata tena, na kurasa zitaacha kushikana. Picha za zamani za familia zenye selotepu iliyogeuka njano ziache kama zilivyo, mpaka umpate fundi wa kuhifadhi nyaraka. Ukibandua mwenyewe, uso wa mtu utatoka na selotepu.

11. Kioo cha gari na supa glu

Kwenye kioo cha mbele, lowesha stika kwa maji ya sabuni, kisha ikwangue kwa wembe mpya uliolazwa karibu sawa na kioo, huku kioo kikiwa kimelowa muda wote. Wembe mkavu huchora. Usitumie wembe kwenye kioo cha nyuma chenye nyaya za kupashia joto, wala kwenye kioo chenye tinti. Nyaya zitakatika na tinti itachubuka.

Supa glu haimo kwenye ukoo wa gundi za stika. Iligunduliwa na Harry Coover, aliyekuwa akifanya kazi Eastman Kodak, ikaingia sokoni mwaka 1958. Hii hugeuka plastiki ngumu, na kinachoiyeyusha ni asetoni. Vidole vikigandana, usivivute. Viloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni na uvitenganishe kwa kuvizungusha taratibu. Na usiipanguse kwa pamba, kwa sababu supa glu nyingi ikikutana na pamba hupata joto kali linaloweza kuunguza ngozi.

12. Vitu vya kuviacha kabatini

Mafuta ya taa na petroli hutoa gundi, hilo si siri. Lakini petroli ina mvuke unaoweza kuwaka mbali na mahali ulipoimwaga, na mafuta ya taa huacha harufu kwenye chombo cha chakula kwa muda mrefu. Jikoni kuna moto, na watoto nao wapo, acha. Stili waya nayo ikae kwenye masufuria ya ugali, isiguse glasi wala plastiki. Jiki haina faida yoyote kwa gundi. Ukiichanganya na siki utapata gesi ya klorini, na ukiichanganya na spiriti utapata mvuke mwingine wenye sumu. Spiriti na asetoni pia zisikutane na draya: subiri chombo kikauke kabisa, ndipo uwashe.

Ukikosa muda wa kukumbuka yote, kumbuka mpangilio huu: joto, maji ya sabuni, mafuta, uji wa soda, spiriti, na mwisho kabisa asetoni. Stika nyingi za nyumbani hazitakufikisha hata kwenye spiriti.

Na wewe unayeuza sahani, vikapu au mishumaa uliyoitengeneza kwa mikono yako, mfikirie mteja. Bandika bei chini ya kitako, kwenye boksi, au ifunge kwa uzi. Mteja asiyekwangua gundi jioni nzima atarudi kununua tena.