KIHARUSI: TUMWAHISHE MGONJWA, TUMTUNZE VEMA

Mwezi huu tujifunze juu ya kiharusi, ugonjwa ambao wengi wetu huuita "kupooza". Mtu alikwenda kulala mzima, akaamka mkono na mguu wa upande mmoja hauna nguvu. Sisi wauguzi huwapokea wagonjwa hawa wodini, na mara nyingi wamechelewa. Wengine wamekaa nyumbani siku mbili tatu, wengine wamepelekwa kwanza kwa mganga kwa kudhaniwa wamepigwa na upepo mbaya.

KIHARUSI NI NINI?
Ubongo hulishwa na damu ipitayo katika mishipa. Mshipa ukiziba kwa damu iliyoganda, au ukipasuka na kuvuja damu, sehemu ile ya ubongo hukosa hewa na chakula, nayo huanza kufa kwa dakika chache. Upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na wa kulia huongoza wa kushoto. Ndiyo sababu mtu hupooza upande mmoja.

Tusidhani kuwa huu ni ugonjwa wa Ulaya. Kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2006 wataalamu waliwahesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika jiji la Dar es Salaam. Matokeo yalitolewa mwaka 2010. Baada ya kuzingatia tofauti za umri, katika kila watu 100,000 walipatikana wagonjwa wapya wapatao 109 kwa mwaka huko Hai, na 316 Dar es Salaam. Hesabu hiyo ya Dar es Salaam inazidi ile ya nchi nyingi tajiri. Utafiti mwingine, uliotolewa 2008, uliwauliza watu wa sehemu hizo hizo chanzo cha kiharusi. Ni watu wa mjini waliotaja zaidi mapepo; wa Hai walitaja zaidi presha na mawazo mengi. Basi kuishi mjini si kujua.

NANI YUKO HATARINI?
Adui wa kwanza ni shinikizo la damu, yaani presha. Wanaofuata ni kisukari, sigara, pombe nyingi, unene na magonjwa ya moyo. Utafiti wa Hai na Dar es Salaam ulionyesha pia kuwa VVU huongeza hatari, kwa hiyo wenye VVU watumie dawa zao bila kukosa na wapimwe presha. Watoto wenye selimundu nao wanaweza kupata kiharusi.

Ubaya wa presha ni kwamba haiumi. Mtu mwenye 180 kwa 110 hulima, hucheka na hula vizuri. Akipewa dawa humeza mwezi mmoja, kisha huziacha kwa kuwa "amepona". Presha haijapona; imetulizwa na dawa. Hapa bondeni kwetu lipo jambo jingine: msimu wa mpunga familia huhamia shambani, hukaa kwenye dungu wiki nyingi, na vidonge hubaki mjini au huisha huko huko. Kabla ya kwenda shamba, pita kliniki, eleza utakaa muda gani, chukua dawa za kutosha.

Kila mtu mzima apimwe presha walau mara moja kwa mwaka. Ikionekana 140 kwa 90 au zaidi, arudi kupimwa tena. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, pamoja na ile iliyomo katika samaki wa chumvi.

DALILI
(a) Uso kupinda upande mmoja.
(b) Mkono au mguu kulegea ghafla.
(c) Maneno kukwama, au mtu kutoelewa anachoambiwa.
(d) Kutoona vizuri ghafla, kizunguzungu, au kichwa kuuma kupita kiasi.

Dalili zikiisha baada ya nusu saa, msifurahi mkakaa. Hilo ni onyo; mwendeni hospitali siku ile ile.

TUFANYE NINI?
1. Tazameni saa dalili zilipoanza, mkamweleze mganga wa zamu.
2. Msimpe maji, uji wala dawa ya kunywa. Koo linaweza kuwa limepooza, na uji ukaingia mapafuni.
3. Msimpe aspirini. Inafaa mshipa ulioziba, lakini ni hatari kwa uliopasuka, na kwa macho hakuna awezaye kutofautisha. Hicho ni kipimo cha CT.
4. Mlazeni ubavu, mpelekeni bila kuchelewa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu, na hospitali nyingi nchini hazinayo. Hata hivyo kuwahi kuna faida.

Faida hiyo ni uangalizi. Australia, utafiti uliotolewa 2011 ulionyesha kuwa wauguzi walipofuata kwa makini mambo matatu, yaani homa, sukari na uwezo wa kumeza, wagonjwa waliokufa au kubaki tegemezi walipungua. Kipimajoto, kipimo cha sukari na kijiko cha maji si vitu vya gharama kubwa.

AKIRUDI NYUMBANI
Kazi sasa ni ya familia. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Mlisheni akiwa ameketi, kidogo kidogo. Nyosheni viungo vilivyopooza kila siku, na msimvute kwa mkono ule mlegevu, bega litateguka. Semeni naye hata kama hajibu. Wengi husikia na kuelewa. Wengine huanza kutembea baada ya miezi, basi msikate tamaa. Na dawa ya presha iendelee, kwa maana kiharusi cha pili hupenda kumrudia aliyeiacha.

Jumapili hii, kila familia imuulize baba, mama, babu na bibi: "Ulipimwa presha lini?" Asiyekumbuka aende zahanati wiki hii.