Wavulana wawili, mwezi mmoja, na daftari la jikoni

Swali ninaloulizwa mara nyingi na akina mama wanaokuja kwangu kwa matibabu ni hili: "Daktari, mbona watoto wangu huugua kila mwezi? Wana kasoro gani?" Mara nyingi hawana kasoro yoyote. Leo sitakujibu kwa kutumia mgonjwa wa mtu mwingine. Nitakueleza yaliyotokea katika nyumba yangu mwenyewe mwezi wa Aprili uliopita, shule zikiwa zimefungwa na mvua ikinyesha kila alasiri hapa Nakuru.

Nina wavulana wawili. Kifungua mimba ana miaka mitano na uzito wa kilo 17. Mdogo wake ana mwaka mmoja na nusu na uzito wa kilo 11. Ninakutajia uzito kwa sababu dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito wake, wala haipimwi kwa ukali wa kilio chake.

Mwezi ulianza kwa mafua. Mkubwa aliyaleta kutoka shuleni wiki ya mwisho wa muhula, na baada ya siku mbili mdogo naye akawa anatiririka kamasi. Mtoto mdogo anaweza kupata mafua mara sita, nane au hata zaidi kwa mwaka, na mwili wake hujifunza kujikinga kwa njia hiyo. Mafua huletwa na virusi, kwa hivyo dawa za kuua bakteria hazina kazi hapo. Hata zile dawa za kikohozi zenye ladha ya cheri hazifai kwa watoto wa umri huu. Niliwapa vinywaji vya vuguvugu na kijiko cha asali wakati wa kulala. (Asali usimpe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Inaweza kumletea sumu ya hatari.)

Kitu ninachokusihi ukifanye wakati wa kikohozi ni kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua, utazame saa yako na uhesabu kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi miwili hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi, au wa mwaka mmoja hadi mitano akipumua mara 40 au zaidi, huenda ana nimonia. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, usingoje hata chai iive. Wangu walikuwa chini ya hesabu hiyo, nikawaacha wacheze.

Kosa la kwanza la mwezi lilitokea jioni moja mdogo alipopata joto. Baba watoto alimpa dawa ya paracetamol saa kumi na mbili, akatoka kwenda kununua mkate. Yaya, ambaye hakumwona akiipa, naye akampa nusu saa baadaye. Kila mmoja alitenda kwa upendo. Nilipofika nilipiga hesabu: dawa yetu ina miligramu 120 katika kila mililita tano, na kila mmoja alikuwa amempa mililita tano, jumla miligramu 240. Kipimo cha mara moja ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kwa hivyo mtoto wa kilo 11 hapaswi kuzidi 165 hivi. Kwa mara moja hiyo hakudhurika, nami nikaruka kipimo kilichofuata. Lakini kama hali hiyo ingeendelea usiku kucha na siku ya pili, ini lake lingekuwa hatarini. Paracetamol haipewi zaidi ya mara nne kwa saa 24, na kati ya kipimo na kipimo ziwepo saa nne hadi sita. Tena kuna chupa nyingine madukani zenye nguvu karibu mara mbili ya hiyo yetu, na zinafanana. Soma karatasi ya chupa.

Tangu siku hiyo tumefunga daftari na kalamu kwa uzi kwenye msumari wa jikoni. Anayempa mtoto dawa anaandika jina la mtoto, dawa, kiasi na saa. Vijiko vya jikoni tumeviachia sukari, kwa maana havilingani. Dawa ya maji tunaipima kwa bomba dogo la sindano lisilo na ncha, ambalo duka la dawa litakuuzia kwa bei ya chini.

Pasaka ikatukuta Busia, kwa nyanya yao. Nitarudi huko baadaye.

Tuliporudi Nakuru, nyanya tulikuja naye. Siku ya tatu mdogo akaanza kuendesha, maji matupu, mara sita kabla ya adhuhuri, na kutapika juu yake. Nilipochukua paketi ya O.R.S., mama mkwe alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, ukizidi kumpa maji, si ataendesha zaidi?" Msomaji, mama huyu amelea watoto saba, na sikutaka kumjibu kama anayesomea somo. Nikamwita karibu, nikamwambia: "Mama, shika hapa." Nikambana mtoto ngozi ya tumbo kwa vidole viwili kisha nikaachia. Badala ya kurudi mara moja, ngozi ilibaki imesimama kidogo, ndipo ikalala. Macho yalikuwa yameingia ndani, na kikombe alikinyakua kwa mikono miwili. Nyanya akasema polepole, "Amekauka." Akaketi naye mkekani, akawa yeye ndiye mnyweshaji.

Kuendesha kwenyewe huisha baada ya siku chache. Kinachoua watoto ni maji na chumvi zinazotoka mwilini pasipo kurudishwa. Maji matupu hayatoshi, kwa sababu matumbo hufyonza maji vizuri zaidi yanapokuwa yamechanganyika na sukari na chumvi kwa kipimo maalum. Paketi nyingine huchanganywa na nusu lita ya maji safi, nyingine na lita nzima, kwa hivyo soma maandishi kabla ya kupima. Yaliyosalia baada ya saa 24 yamwage. Ukikosa paketi usiku wa manane, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Chumvi ikizidi ni hatari, basi pima kwa makini.

Mtoto aliyekwisha kukauka kama wangu anahitaji kunyweshwa kwa wingi saa nne za kwanza, mililita 75 hivi kwa kila kilo, chini ya macho ya mhudumu wa afya. Kwa wangu hiyo ilikuwa kama mililita 800, kijiko kimoja kimoja. Alipotapika tulingoja dakika kumi, tukaanza tena taratibu zaidi. Baadaye, kila alipoendesha alipewa mililita 50 hadi 100. Mtoto wa zaidi ya miaka miwili hupewa 100 hadi 200. Anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula asinyimwe chakula. Nilimpa pia vidonge vya zinki, miligramu 20 kila siku. Mtoto wa chini ya miezi sita hupewa 10. Wazazi wengi huacha zinki mara mavi yanapokuwa mazito, kumbe inatakiwa iendelee siku 10 hadi 14, maana hupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi.

Kufikia saa kumi jioni mdogo alikojoa, na nyanya akapiga kigelegele. Kama angekuwa amelegea, amelala asiamshike, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, au kuna damu katika choo, tungekuwa hospitalini zamani. Chanjo ya rota, iliyoanza kutolewa kwa watoto wote wachanga nchini mwaka wa 2014, hupunguza ukali wa ugonjwa huu, nayo alikuwa ameipata. Lakini vijidudu vinavyoleta kuendesha ni vingi.

Katikati ya shughuli hiyo mkubwa, akijiona amesahauliwa, akajitia haragwe puani. Dawa yake ni kumziba mtoto kwa kidole tundu lile jingine la pua, kuweka mdomo wako juu ya wake kana kwamba unambusu, kisha kupuliza kwa nguvu mara moja. Haragwe lilinirukia shavuni. Isipotoka, usichokoe kwa njiti, nenda kliniki. Ikiwa ni betri ndogo ya duara, kama ile ya saa, usijaribu lolote nyumbani: kimbia, kwani huchoma nyama kwa muda mfupi sana.

Sasa nirudi Busia. Usiku wa kwanza mdogo nililala naye chini ya chandarua. Mkubwa alikataa katakata, akataka kulala sebuleni mkekani na binamu zake. Nilikuwa nimechoka na safari, nikamwachia. Mimi ninayewahubiria wengine habari za vyandarua.

Siku ya 12 baada ya usiku huo alipata joto kali na kuumwa na kichwa. Nilisikia kikohozi kilichobaki tangu mafua yale, nikajiambia ni yaleyale. Nikampa paracetamol, nikaandika daftarini, nikaenda kazini. Usiku alitetemeka hadi kitanda kikalia, akatapika. Baba watoto, ambaye si daktari, ndiye aliyekuwa akifunua daftari kutafuta saa ya dawa. Akaona ukurasa tulioandika "Busia". Akauliza, "Mama, si mbu walituuma kule?"

Alipimwa damu ya kidole usiku huo huo, na malaria ikaonekana. Vimelea vya malaria huchukua wiki moja au zaidi tangu kuumwa na mbu hadi homa kuanza. Kwa hivyo ukitoka kanda ya ziwa, Magharibi au Pwani, homa yoyote ya majuma yanayofuata ipimwe siku hiyo hiyo, hata kama mtoto anakohoa pia. Sisi tunaoishi mahali penye malaria chache ndio watoto wetu huzidiwa haraka, kwa kuwa miili yao haijaizoea. Chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa Septemba 2019 katika baadhi ya maeneo ya ziwa, husaidia, lakini haiondoi haja ya chandarua.

Alipewa artemether-lumefantrine, vidonge viwili kila mara kwa uzito wake. Kipimo cha pili kilifuata baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili, jumla mara sita, kila mara pamoja na maziwa, kwa maana dawa hii huingia mwilini vizuri penye mafuta. Akitapika kabla ya nusu saa kwisha, kipimo hurudiwa. Siku ya pili alikuwa akirusha mpira ukutani, na yaya akauliza kama zilizobaki ziwekwe akiba. Hapana. Tulimaliza zote, na kila moja ina saa yake daftarini, kwa mwandiko wa watu wanne. Nyanya aliandika herufi kubwa.

Siku hizi nikimwona mtoto mwenye joto katika chumba changu, kabla sijashika kipimajoto ninauliza mlilala wapi wiki tatu zilizopita.

Wiki ijayo nitaeleza habari za minyoo, na akina mama walioniandikia kuhusu watoto wanaokula udongo wavute subira, nao watajibiwa.