Dondoo muhimu: Chasisi ya amplifaya ya vali kwa ajili ya gitaa

Kibiti mjini, bati la chuma lililopakwa rangi vizuri linatosha. Nyamisati na visiwa vya delta ni habari nyingine: upepo wa chumvi hula chuma haraka. Huko chukua alumini ya milimita 2, ukunje kingo zake zote ili isilegee chini ya uzito wa transfoma. Skrubu za chuma zipake grisi, kwani chuma kikigusa alumini penye unyevunyevu wa chumvi, alumini ndiyo huliwa.

Usitoboe tundu lolote kabla hujashika soketi na transfoma mkononi. Vipange kwanza juu ya boksi la karatasi. Transfoma ya umeme ikae mwisho mmoja, tundu la gitaa mwisho wa pili. Transfoma ya spika igeuzwe nyuzi 90 kutoka kwa ile ya umeme, mvumo utapungua. Vali za nguvu ziachie nafasi ya kupumua.

Ethi ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Nyuzi za gitaa zimeungana na chasisi, hivyo hitilafu ikitokea anayeshikwa ni mpigaji. Kwangua rangi, funga waya wa ethi kwa bolti yake peke yake, na fyuzi ikae kwenye waya wa moto. Kama jenereta au inveta yako haina ethi, usichomeke.

Ndani mna volti 300 hadi 400 au zaidi, na kapasita hubaki nazo hata baada ya kuzima. Pima kwa mita kabla ya kuingiza mkono.