Ependimoma: Uvimbe Adimu wa Ubongo na Uti wa Mgongo

Ependimoma ni uvimbe unaoota katika ubongo au uti wa mgongo. Hauambukizi, wala si adhabu ya jambo alilolitenda mgonjwa au mzazi wake.

Mwenendo wake

Ndani ya ubongo mna vyumba vidogo vyenye ugiligili, ambao pia huuzunguka uti wa mgongo. Kwa watoto, ependimoma huota zaidi ubongoni. Kwa watu wazima, huonekana zaidi katika uti wa mgongo. Ukiwa ubongoni, waweza kuziba njia ya ugiligili na kuongeza shinikizo ndani ya fuvu. Wakati mwingine seli zake huchukuliwa na ugiligili na kuota mahali pengine. Ndiyo maana mgonjwa hupigwa picha za MRI za kichwa na za uti wa mgongo wote.

Dalili za kumweleza daktari

- Kuumwa kichwa kusikokoma, hasa asubuhi, pamoja na kutapika
- Kuyumba au kuona vitu viwili viwili
- Kichwa cha mtoto mchanga kukua haraka kupita kiasi
- Maumivu ya mgongo au shingo yasiyoisha

Nchini Uingereza, piga simu 999 mara moja iwapo mgonjwa amepata degedege kwa mara ya kwanza, haamki vizuri, au ghafla ameishiwa nguvu za miguu au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo.

Baada ya matibabu

Upasuaji ndio msingi wa tiba. Baadhi ya wagonjwa huongezewa mionzi. Hata hivyo, uvimbe huu waweza kurudi baada ya miaka mingi, wakati mwingine zaidi ya 10. Picha zaweza kuuonyesha kabla mgonjwa hajahisi lolote. Kwa hiyo, kujihisi mzima si sababu ya kuacha miadi.

Familia inayohamia mji au nchi nyingine iombe nakala za picha, ripoti ya upasuaji na majibu ya maabara, ili daktari mpya alinganishe picha mpya na za zamani. Anayesafiri kwenda nyumbani kwa muda mrefu aombe tarehe nyingine mapema.

Mkalimani wa NHS hatozi malipo. Aombwe wakati wa kupanga miadi. Mtoto asibebeshwe kazi ya kutafsiri habari za ugonjwa.