Alama ya Kidole ni Amana

Katika Turkana, mpango wa kukinga njaa uliwalipa watu kwa kadi zenye alama za vidole. Na Kakuma, tangu mwaka 2013, wakimbizi hupimwa vidole kabla ya kupewa posho. Faida yake twaikiri: aliyeiba kadi hajaiba kidole. Lakini natuzingatie. Nambari ya siri ikivuja hubadilishwa, kidole hakibadiliki. Tena mwenye njaa akiambiwa "weka kidole", ridhaa yake ni ridhaa gani? Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 yataka habari zitumike kwa lile zilikochukuliwa. Basi mwenye kuzichukua amebeba amana, na mwenye amana huulizwa.