Damu Kwenye Mswaki: Tutunze Fizi Zetu Mapema

Kijitabu cha familia za Kasese na Bwera

Watu wazima wengi wakiona damu kwenye mswaki hunyamaza, au huacha kupiga mswaki ili ufizi upumzike. Yote mawili huupa ugonjwa nafasi. Ufizi mzima hautoki damu ukisafishwa taratibu. Ukitoka damu, unahitaji kusafishwa vizuri zaidi.

Ugonjwa unavyoanza

Vijidudu vya kinywani hujishikiza pale jino linapokutana na ufizi na kufanya utando laini unaonata. Usipoondolewa, utando huo hugeuka ukoga mgumu ambao mswaki hauwezi kuubandua. Ufizi huwa mwekundu, huvimba na kutoka damu.

Hatua hii hupona kabisa. Mwaka 1965, nchini Denmark, mtafiti Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Ndani ya majuma 3 wote walikuwa wameugua fizi. Waliporudia usafi, fizi zikapona baada ya wiki moja hivi.

Ukipuuzwa, ugonjwa unaweza kushuka chini. Ufizi huachana na jino, na mfupa unaolishikilia jino huliwa. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe; matibabu huzuia usiendelee kuliwa. Ndiyo maana jino lisilo na tundu lolote linaweza kulegea na kung'oka, mara nyingi bila maumivu mpaka mambo yameharibika.

Dalili za kuangalia

- Damu unapopiga mswaki au kula
- Ufizi mwekundu, uliovimba au uliorudi nyuma
- Harufu mbaya ya kinywa isiyoisha
- Usaha, au meno yanayolegea na kuachana

Walio hatarini zaidi

- Watumiaji wa tumbaku. Sigara hupunguza damu kutoka, hivyo mvutaji hudhani yuko salama.
- Wenye kisukari. Sukari ikipanda, fizi huharibika upesi. Fizi zikiugua, sukari nayo huwa ngumu kudhibiti.
- Wajawazito, kwa sababu ya mabadiliko ya homoni. Kutibiwa fizi wakati wa ujauzito ni salama. Mweleze mhudumu kuwa una mimba.
- Wenye kinga dhaifu, wakiwemo wanaoishi na VVU wasiotumia dawa.

Usafi wa kila siku

1. Piga mswaki mara 2 kwa siku, dakika 2 kila mara, na usiache wa usiku kabla ya kulala. Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi.
2. Elekeza nywele za mswaki kwenye mpaka wa jino na ufizi, kisha sugua polepole.
3. Safisha katikati ya meno kwa uzi wa meno. Usitumie sindano wala pini.
4. Mswaki wa mti unafaa pia. Tafuna ncha mpaka iwe nyuzi laini, kisha fikia meno yote, hata ya nyuma.
5. Kila mtu awe na mswaki wake, na aubadilishe baada ya miezi 3 hivi.
6. Usisugue meno kwa mkaa, majivu au chumvi ya mawe ya Katwe. Hukwangua meno na kujeruhi fizi. Kusukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo hutuliza ufizi, lakini hakubandui ukoga.

Wakati wa kutafuta matibabu

Damu ikiendelea kwa majuma 2 ingawa unasafisha vizuri, nenda kituo cha afya kilicho karibu. Muulize mhudumu wa afya wa kijiji chako (VHT), au uulizie huduma ya meno katika hospitali za Bwera, Kagando au Kilembe. Ukoga huondolewa kwa vifaa vya mtaalamu. Antibiotiki za kujinunulia dukani, iwe Kasese mjini au Mpondwe, haziuondoi.

Uso ukivimba, ukiwa na homa, au ukishindwa kumeza au kupumua, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, leo usiku tazama fizi zako kwenye kioo, na uwaombe watu wazima wa nyumbani kwako wafanye vivyo hivyo. Anayetoka damu aanze kusafisha vizuri leo, kabla mfupa haujaguswa.